Jinsi ya kusoma rekodi za mkimbiaji viunzi wa zamani bila kumpunja

Ukitafuta matokeo ya Harry Hillman, yule Mmarekani wa Brooklyn, utakuta mita 400 viunzi (mbio za kuruka vizuizi njiani) Olimpiki ya St. Louis 1904 sekunde 53.0 dhahabu, alafu London 1908 sekunde 55.3 fedha, na hapo wengi wanakimbilia kusema jamaa alishuka kiwango. Subiri kwanza.

Kabla hujagusa muda angalia urefu wa kiunzi. Vya St. Louis vilikuwa sm 76 tu, vya London sm 91.4, na ukisoma tu hivi hizo namba hazikwambii kitu, so chukua tepu, piga alama mbili ukutani kwa chaki alafu simama pembeni yake. Ile ya chini inakuja pajani, ile ya juu iko karibu na nyonga. Sasa fikiria unairuka hiyo ya juu mara kumi, na vile vya mwisho unavikuta miguu ishakuwa mizito kama magogo. Ndo maana ile 53.0 haikukubaliwa kuwa rekodi ya dunia, na ni sawa kabisa.

Pili, angalia nani alimtangulia na kwa kiasi gani. London alishinda Charles Bacon, Mmarekani mwenzake, kwa 55.0, na hiyo 55.0 ndo rekodi ya kwanza ya dunia kutambuliwa kwenye mbio hizi. Yani huyu tunayesema kashuka alikuwa nyuma ya rekodi ya dunia kwa sehemu tatu za kumi za sekunde! Mimi hiyo fedha naiheshimu kuliko ile dhahabu, maana 1904 kwenye viunzi vya 400 walikimbia watu wanne tu na wote Wamarekani, akiwemo George Poage aliyeshika nafasi ya tatu, mmoja wa Wamarekani weusi wa kwanza kabisa kupata medali ya Olimpiki.

Ila usimnyang'anye haki yake, kwa sababu St. Louis hiyohiyo alichukua pia mita 400 za kawaida kwa 49.2 na mita 200 viunzi kwa 24.6. Hizo 200 viunzi usizitafute London, zilikuwepo Olimpiki ya 1900 na 1904 tu zikafutwa, kwa hiyo pengo hilo si la kwake.

Alafu usiishie alipoacha kukimbia. Kuanzia 1910 alikuwa kocha pale Dartmouth, chuo cha Marekani, na mmoja wa vijana waliopita mikononi mwake ni Earl Thomson wa Kanada, ambaye Olimpiki ya Antwerp 1920 alishinda mita 110 viunzi kwa 14.8, rekodi ya dunia. Ukiandika historia ya Hillman na hiyo iweke humo.