Bastola ya kwanza: anza na kiganja chako

Bastola yangu ya kwanza niliinunua kwa kuipenda sura. Ilikuwa rivolva ndogo, ile yenye silinda ya risasi inayozunguka, ya Smith & Wesson, haifiki nusu kilo, inakula risasi tano za .38 Special. Kijana wa kaunta aliniwekea kiganjani akasema hii ndiyo ya akina mama, haina mambo mengi, unaitia kwenye mkoba umemaliza. Nikalipa. Jumamosi yake nikaenda nayo renji, uwanja wa kulengea shabaha, nikafyatua mara kumi na moja, nikashindwa kuendelea. Nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imevimba, na kwenye karatasi, yadi saba tu mbele yangu, matundu yametawanyika kama mchele uliomwagika.

Kumbe uzito ndio unaomeza teke, ule msukumo wa nyuma bastola inapolia. Silaha ikiwa nyepesi, teke lote linaishia mkononi mwako. Na kifyatulio cha rivolva zile ni kizito. Unavuta, unavuta, mpaka mtutu umeshayumba ndipo inalia. Ni bastola ya mtu aliyekwisha kuzoea, wao wanamuuzia anayeanza.

Nina duka la vyakula vya nyumbani kusini magharibi mwa Houston: dagaa, unga wa muhogo, mchaichai. Nafunga saa nne usiku nikiwa na pesa taslimu. Wadogo zangu wa hapa Texas wakiniuliza wanunue ipi, siwatajii jina la bastola kwanza. Nawauliza una karatasi gani za uhamiaji.

Tangu tarehe 1 Septemba 2021, Texas mtu mwenye miaka 21 anaweza kubeba bastola bila leseni, mradi sheria haimzuii kumiliki silaha. Watu wetu wanasikia nusu ya kwanza, hiyo ya "mradi" inawapita. Mwenye green card ananunua. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, na hapo renji imo. Dukani utajaza fomu ya serikali, namba 4473, na humo unaulizwa kama wewe ndiye mnunuzi hasa. Mtoto wa kaka yangu, mwanafunzi, aliwahi kunibembeleza: "Shangazi, ninunulie kwa jina lako, pesa nakupa." Nikamwambia: mwanangu, kifungo cha kumnunulia mtu asiyeruhusiwa kinafika miaka 15, na wewe ukitoka huko unapakiwa ndege. Akacheka. Mimi sikucheka. Kama makaratasi yako yako njiani, muone wakili wa uhamiaji kabla hujamuona muuza bastola.

Leseni ya kubeba ichukue hata kama si lazima. Sheria ya shirikisho, kwa ujumla, inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za shule, ila mwenye leseni ya jimbo anasamehewa kupita. Njia yangu ya dukani inapita shule mbili. Mtihani wake wa shabaha ni risasi 50: ishirini yadi tatu, ishirini yadi saba, kumi yadi kumi na tano, na unatakiwa alama 175 kati ya 250. Ukifeli huo, jua hujawa tayari kubeba.

Sasa tuje kwenye bastola. Pale kaunta muombe akuonyeshe kuwa ni tupu, kisha ukague mwenyewe: toa magazini (kasha la risasi lililo ndani ya mpini), vuta nyuma slaidi, kile chuma cha juu, chungulia chemba inamokaa risasi, tia na ncha ya kidole. Usione haya, muuzaji mzuri atakuheshimu. Elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole nje ya kifyatulio. Halafu ishike juu kabisa ya mpini, mtutu ukinyooka sawa na mfupa wa mkono wako. Ukija kugusa kifyatulio, iwe kwa nyama ya ncha ya kidole. Kama inabidi uipindishe bastola kiganjani ndipo kidole kifike, hiyo ni kubwa kwako. Irudishe, hata kama imepunguzwa bei.

Kukoki, yaani kuvuta slaidi ili risasi iingie, ndiko kulikonitesa mimi, vidole vimekakamaa kwa kubeba maboksi. Wengi huvuta slaidi kwa ncha za vidole viwili kama wanamenya ndizi. Ishike kwa kiganja chote kutoka juu, mkono uulete karibu na kifua, kisha mkono wenye mpini uusukume mbele kwa nguvu, huku ule wa juu ukivuta. Ukishindwa mara tano mfululizo, jaribu nyingine.

Baada ya hapo kodi. Renji nyingi zinakodisha, na siku moja ya kukodi tatu ni rahisi kuliko kununua moja ya majuto. Mimi nilizijaribu Glock 19, SIG P365 na Smith & Wesson Shield EZ, zote za milimita 9, maana risasi zake zinapatikana kila mahali na teke lake linavumilika. Nilibandika sahani ya karatasi yadi saba, risasi 50 kwa kila moja. Glock ilinitulia kuliko zote, ila ukishaijaza magazini ya risasi 15 inakaribia kilo, na kiunoni mpini wake ulijichora kwenye blauzi. P365 inajificha vizuri mno, lakini kufikia risasi ya thelathini nilikuwa naisubiri kwa woga, macho yanafumba yenyewe. Shield EZ inabeba nane tu, na mume wangu anaiita bastola ya bibi. Sawa. Naikoki bila kuguna na sahani yangu ina matundu katikati. Ndiyo niliyonunua.

Tenga pesa za ala kabla hujalipia bastola. Iwe ya plastiki ngumu, ifunike kifyatulio chote, isilegee ukiinama. Mshipi nao uwe mgumu. Ule wa urembo utapinda. Sisi wa madera tusiovaa mshipi, kuna mkanda mpana wa tumbo, lakini chagua wenye ala ngumu ndani yake, maana kitambaa kitupu hakizuii kitu kubonyeza kifyatulio. Ukirudisha bastola kwenye ala, tazama, na ufanye polepole. Ncha ya khanga iliyonaswa humo inaweza kuvuta kifyatulio kama kidole.

Kuibeba mkobani niliacha kwa sababu ya siku moja tu. Mjukuu wangu wa miaka minne aliuvuta kochini akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anatafuta pipi. Ile rivolva ilikuwa imefungiwa juu, wala haikuwemo. Hata hivyo nilikaa chini, miguu haina nguvu. Ikiwa mwilini iko mwilini, ikitoka mwilini inaingia kwenye kasha la chuma lenye namba. Na Texas mtoto akiifikia bastola uliyoiacha ovyo, mwenye kesi ni wewe.

Risasi nunua aina mbili: za bei nafuu za kujifunzia, na zenye tundu kichwani za kubebea, ambazo hupungukiwa na uwezo wa kupenya na kutokea upande wa pili. Hizo za pili fyatua angalau boksi moja ukiona bastola yako haikwami, ndipo uziamini.

Na usiibebe kesho yake. Mimi niliivaa tupu nyumbani nikipika, nikifua, nikiinama kuokota midoli. Siku za mwanzo nilikuwa naishikashika kila dakika, mtu yeyote angejua. Wiki ya tatu, nilipokaa kula nikakumbuka kwamba ninayo, nikajua sasa naweza kuijaza na kwenda nayo dukani.