Waridi la Uganda halilali, usilipogoe kama la Ulaya

Mama mmoja wa Entebbe aliniita nione mawaridi yake. Alikuwa ameyakata yote mpaka vikabaki vishina vya shubiri moja bila jani hata moja, kama alivyosoma katika kitabu cha Uingereza. Niliumia moyo, maana kosa hili nalikuta nyumba baada ya nyumba.

Kule Ulaya waridi hupukutisha majani wakati wa baridi, likalala huku chakula chake kikiwa kwenye mizizi na mashina. Huku kwetu linakula kwa majani mwaka mzima. Ukiliacha uchi, unalinyima chakula, na jua linaunguza gome lililozoea kivuli. Kwa hiyo punguza theluthi moja tu: mti wa meta moja na nusu ubaki na meta moja.

Pogoa mwishoni mwa Februari na mwishoni mwa Agosti, mvua zikikaribia. Maua yatarudi baada ya wiki 6 hadi 8 hivi.

Anza na matawi makavu. Kata kidogo kidogo huku ukitazama kiini: kikiwa cha kahawia, teremka zaidi, kikiwa cheupe, umefika kwenye uhai. Kisha ondoa matawi yanayosuguana katikati ya mti. Kila mkato uwe nusu sentimeta juu ya jicho (kinundu ambapo chipukizi hutokea) linalotazama nje, mshazari, maji yateremkie upande usio na jicho. Ukiacha kipande kirefu juu ya jicho, kitakufa na uozo utashuka. Tumia mkasi mkali wa kupogolea. Panga huponda shina, tafadhali liache kwenye migomba. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.

Chipukizi linalotoka chini ya mahali waridi lilipobebeshwa, yaani lilipounganishwa na shina la waridi jingine, ling'oe kabisa. Ukilikata tu litarudi.

Majani yenye madoadoa meusi yaokote uyachome, na umwagilie asubuhi kwenye udongo, si juu ya majani. Tandaza maganda ya kahawa au nyasi kavu, unene wa sentimeta 5, yasiguse shina. Samadi iwe imeoza vizuri.

Yule mama nilimwambia asikate tena, amwagilie tu na kusubiri. Baada ya wiki tatu alinipigia simu kwa hofu: machipukizi yametoka mekundu! Mama, nikamwambia, hayo ni mazima. Machipukizi machanga ya waridi mara nyingi huanza hivyo, kisha hugeuka kijani.