Kuchagua nyimbo za kwaya kwa mahafali ya darasa la saba: anza na sauti za watoto

Kama wewe ndo umekabidhiwa kwaya mwaka huu na mahafali yamebaki kama wiki nne hivi, nakuomba usianze kwa kufungua YouTube. Najua wengi ndo tunavyofanya, unasikiliza kwaya kubwa imeimba mpaka mwili unasisimka, unasema huu huu, alafu kesho yake unawafundisha watoto wa miaka 13 wimbo uliopangwa kwa soprano na besi za watu wazima. Anza na watoto. Wasikilize kwanza, wimbo utakuja wenyewe.

Mi nawasimamisha wanne wanne, maana mtoto ukimsimamisha peke yake mbele ya wenzake anaimbia puani kwa aibu na hutajua kitu. Naimba do re mi fa sol, wanarudia, napandisha kidogo, tena, napandisha, mpaka nione shingo zinaanza kukaza na mabega yanapanda. Hapo ndo mwisho wao. Alafu nashuka chini mpaka sauti ipotee. Wasichana wengi na wavulana ambao hawajaanza kubadilika wanakaa vizuri kuanzia do ya katikati ya kinanda mpaka re ya juu yake, yaani oktavu moja na kidogo. Wimbo ukizidi hapo, waache kwaya ya wakubwa waimbe, sio hawa.

Shida kubwa ya darasa la saba ni wavulana. Huo ndo umri sauti inavunjika, wengine wameshashuka, wengine bado, wengine wako katikati na wana noti tano au sita tu za uhakika. Tafadhali usimwambie mtoto wa namna hiyo hajui kuimba. Mtafutie kipande cha chini kwenye kiitikio, noti mbili tatu zinazojirudia, ataimba kwa raha na kwaya yako itapata uzito ambao haikuwa nao.

Hili limenikuta na linaniuma mpaka leo. Nilikuwa na kijana mmoja ambaye mwezi wa tano ndo alikuwa mwanzishaji wangu, sauti nyororo kabisa, nikampa asimame peke yake kwenye wimbo wa kuwashukuru wazazi. Mwezi wa tisa, siku yenyewe, beti ya pili, akafika kwenye neno mama sauti ikapasuka katikati ya neno. Akajaribu tena, ikatoka kama ya mtu mwingine. Akanyamaza akaangalia viatu vyake, vile vyeusi vipya walivyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo. Mama yake alikuwa mstari wa tatu anarekodi, nikaona ile simu inashuka taratibu mpaka mapajani. Kosa lilikuwa langu, toka mwezi wa tano sikuwa nimemsikiliza tena akiwa peke yake. Kwa hiyo kama wimbo una sehemu ya mtu mmoja, wape watoto watatu waiimbe pamoja, na wasikilize upya wiki mbili kabla.

Sasa nyimbo zenyewe. Usipange nyingi, kwenye ratiba kuna ngonjera, shairi, risala, hotuba ya mgeni rasmi, vyeti, keki, na wazazi wengine wametoka mbali wana njaa. Nyimbo nne zinatosha ukitoa wimbo wa taifa: wa kuingilia, wa wadogo kuwaaga kaka na dada zao, wa wahitimu kushukuru, na wa kufungia.

Wa kuingilia watu wengi wanauchukulia poa na ndo unaoharibu. Piga hesabu. Wahitimu 80 wakiingia wawili wawili ni jozi 40, ukiacha sekunde nne kati ya jozi na jozi hizo ni sekunde 160, ongeza muda wa jozi ya mwisho kuvuka uwanja mpaka kwenye viti, unakaribia dakika tatu na nusu. Wimbo wa beti tatu utaisha watoto nusu bado wako nyuma ya madarasa, na hapo DJ atajaza mwenyewe kwa anachotaka. Kwa hiyo chagua wimbo wa kuitikiana, mmoja anatoa, wote wanaitikia, ambao unaweza kuzunguka hata mara ishirini na ukaukata popote. Na uende na mwendo wa miguu. Usiuhukumu ukiwa umekaa, zunguka nao uwanjani wewe mwenyewe, ukiona unakimbia au unajikwaa, kasi sio yake.

Wimbo wa darasa la sita kuwaaga wakubwa, huu kama unaweza tungeni wenyewe. Watoto wanajua kutunga, wape jioni mbili. Wakileta maneno ya kwaheri tutawakumbuka Mungu awabariki, waulize mtawakumbuka kwa lipi? Hapo utasikia vitu: ile rimu ya gari inayogongwa kama kengele, foleni ya bombani, dada aliyekuwa anawavusha wadogo barabarani. Weka hivyo kwenye beti. Mzazi ambaye hajawahi kufika shuleni ataiona shule, na muhitimu aliyekuwa anagonga hiyo rimu kila asubuhi atainua kichwa.

Mkitunga juu ya muziki unaojulikana, iwe wa ngoma ya kwenu au wa harusi, angalieni uzito wa maneno. Kiswahili kinatua kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, tunasema wa-LI-mu, WE-tu. Sasa mkichukua muziki unaoanza na pigo zito mkaweka "walimu wetu", inatoka WA-li-MU we-TU, kila pigo limekaa pasipo, na msikilizaji anaona kuna kitu hakijakaa japo hawezi kukisema. Ukiweka "ee walimu" yanakaa sawa, EE-wa-LI-mu. Au acha maneno kama yalivyo ila uanze kabla ya pigo. Fanya hivyo mstari kwa mstari huku unapiga meza, ni kazi ya nusu saa tu na itakuokoa.

Kwenye maneno kuna mambo mengine mawili siwezi kuyaacha. La kwanza, wimbo usiseme tumefaulu wala tunaenda sekondari. Siku ya mahafali matokeo ya mtihani wa taifa wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, bado hayajatoka, na kati ya hao waliosimama mbele kuna ambao hawataendelea, unawaimbisha kitu ambacho baada ya wiki chache kitawachoma. Waimbe tumemaliza. Hiyo ni kweli kwa kila mmoja wao na inatosha kupigiwa vigelegele. La pili ni dini. Kwa shule ya serikali yenye watoto wa kila imani, wimbo wa kanisani au kasida utawafanya wengine wasimame midomo imefunga siku ambayo ni yao pia, na mzazi wake yuko pale anaona. Neno Mungu linawabeba wote, hata wimbo wa taifa ndo unaanza nalo. Shule ya dini ina utaratibu wake, hilo sina neno.

Nyimbo za Bongo Fleva zilizobadilishwa maneno sizikatai moja kwa moja, watoto wanazipenda na wanazijua ki zake, yaani sauti ya kuanzia iwe juu au chini kiasi gani. Ila jua kwamba ukibadilisha maneno, hadhira bado inasikia yale ya mwanzo vichwani. Kama yale ya mwanzo huwezi kuyasoma kwa sauti mbele ya mwalimu mkuu, acha huo muziki.

Wimbo wa wahitimu kushukuru uwe mfupi kuliko yote. Wamemaliza mtihani juzi, kabla ya hapo walikuwa kwenye makambi ya kusoma, muda wa mazoezi hawana, wengine wakishamaliza mtihani kuwapata tena ni kazi. Beti mbili na kiitikio, sauti moja, mwishoni kwenye kiitikio cha mwisho ndo mgawanyike sauti mbili. Kipimo changu ni hiki: nafundisha leo, kesho nawaambia waimbe bila mi kuanzisha wala kuwapa neno. Kama zaidi ya nusu ya wimbo umebaki vichwani, tunaendelea nao. Kama umepotea nabadilisha siku hiyo hiyo, sisubiri wiki ya mwisho.

Kuhusu sauti nne, yaani soprano, alto, tenor na besi kila moja na noti zake, najua sisi watu wa kwaya tunazipenda, mi pia. Ila mahafali mengi yanafanyikia nje, chini ya maturubai au mwembe, na nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, zile sauti za kati zinapotea kabisa, alto aliyehangaika mwezi mzima haonekani wala hasikiki. Watoto 40 wakiimba sauti moja yenye nguvu wanafika mpaka getini. Na kama kuna ukuta wa darasa karibu, wapange migongo ielekee ukutani, utasikia tofauti mwenyewe.

Ki usitoe kwa kubahatisha. Siku ya tukio watoto wana mzuka, wakianzisha wenyewe wanaanza juu, na wimbo wa taifa ndo unaathirika zaidi maana kila mtu anauanzisha kwa kichwa chake, ikifika katikati inakuwa kelele. Tafuta ki yao kwenye mazoezi, iandike pembeni ya jina la wimbo kwenye karatasi yako, na siku hiyo toa noti kwa kinanda au hata programu ya simu, waimumunye kwanza midomo imefungwa, ndo muanze.

Playback, ile ya kuweka wimbo uliorekodiwa, naomba sana tuachane nayo. Umeme ukikatika watoto wanabaki wamesimama wanachezesha midomo, na hata usipokatika mzazi hajaja kusikia sauti ya studio, kaja kumsikia mwanae.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mahafali, watoe watoto nje wasimame palepale watakaposimama, alafu usimame nao, usiende mbali kusikiliza wewe, maana wewe maneno unayajua na sikio lako litakudanganya. Muombe mama wa jikoni, pale pale anaposonga ugali, asikilize akuambie wameimba nini. Akikutajia maneno ya kiitikio, wimbo wako uko tayari. Akikwambia mwalimu nimesikia sauti nzuri tu, punguza kasi, waambie wafungue midomo, muanze tena.