Namna ya Kuandika Wasifu wa Marcus Furius Camillus

Anayetaka kuandika wasifu wa Camillus, jemadari na kiongozi wa Roma aliyefariki mwaka 365 KK, asianze na visa bali aanze na vyeo. Panga miaka kwanza, kisha uoanishe kila mwaka na wadhifa wake: msimamizi wa sensa mwaka 403 KK, mkuu wa jeshi mwenye mamlaka ya konsuli (mmoja wa viongozi wawili wakuu wa Roma waliochaguliwa kila mwaka) mara sita, dikteta mara tano. Ukonsuli wenyewe hakuwahi kuupata, hivyo usimpe hata kalamu ikikuwasha. Neno dikteta lifafanue mapema, kwa maana msomaji wa leo atalielewa vibaya; kwa Warumi wa zama hizo kilikuwa cheo halali, kisichozidi miezi sita, alichokabidhiwa mtu dola ilipobanwa.

Ukifika kwenye vita vya Veii, usiharakishe. Mji huo wa Waetruski, majirani wa Roma upande wa kaskazini, uliokuwa kilomita zipatazo 16 tu kutoka Roma, ulitekwa mwaka 396 KK, na hilo halina ubishi. Lakini masimulizi huongeza kwamba ulizingirwa miaka kumi, na kwamba askari walichimba handaki wakaibukia ndani ya hekalu la mungu wa kike Juno. Miaka kumi hiyo inafanana mno na ile ya kuzingirwa kwa Troya katika hadithi za Wagiriki, kwa hiyo andika "inasimuliwa" na uendelee. Ugomvi wa nyara uliofuata, uliompeleka Camillus uhamishoni katika mji wa Ardea, unatosha aya fupi.

Wengi hukwama kwa Wagalia, kabila la Kikelti kutoka kaskazini mwa Italia lililoiteka Roma. Warumi waliweka kutekwa huko mwaka 390 KK, ilhali hesabu za Wagiriki huelekea 387 au 386. Chagua moja uishike hadi mwisho. Kisha kuna ile picha ya kupendeza: dhahabu ya fidia, ratili 1,000, iko mizanini, Brennus, chifu wa Wagalia, anatupa upanga wake juu ya mawe ya kupimia, na Camillus anatokea na jeshi kuukatiza mkataba. Mwanahistoria Mgiriki Polybius, aliyeandika zaidi ya karne moja kabla ya Livius, mwanahistoria Mrumi anayeisimulia picha hiyo, anasema Wagalia waliondoka salama na mali yao kwa sababu Waveneti, jirani zao, walikuwa wamevamia nchi yao. Mimi ningetanguliza maelezo ya Polybius, kisha picha ya mizani kama hadithi ambayo Warumi walihitaji kujisimulia.

Mwaka 367 KK makabwela, yaani raia wasio wa ukoo wa kikabaila, walipofunguliwa kwa sheria mlango wa ukonsuli, Camillus alikuwa dikteta kwa mara ya tano. Ushindi huo usimwandikie yeye: waliozipigania sheria hizo ni matribuni (watetezi wa makabwela) Licinius na Sextius, na mwaka mmoja kabla ya hapo Camillus aliitwa kuwazuia.