Jinsi ya kuombea shule shikizi ya kijiji usajili: kutoka muhtasari wa mkutano hadi namba ya EM

Mwongozo huu ni wa kamati za vijiji vya Tanzania Bara, vikundi vya wazawa waishio mjini au ughaibuni, na asasi ndogo zinazochanga kujenga shule ya msingi kijijini ili baadaye iwe ya serikali. Majengo ya namna hii ni mengi: bati la rangi, jina la mfadhili ukutani, madawati mapya. Lakini watoto wanaosoma humo wameandikishwa kwenye shule nyingine iliyo mbali, ile inayoitwa shule mama. Hiyo ndiyo shule shikizi. Haina mwalimu mkuu wake, ruzuku ya wanafunzi wake inaingia kwenye akaunti ya shule mama, na mtihani wa Darasa la Nne wanaufanyia huko huko. Mara nyingi kinachokosekana si darasa la ziada. Kinachokosekana ni namba ya usajili, ile inayoanza na EM, na namba hiyo inaombwa kwa karatasi ambazo zilitakiwa kuanza kukusanywa kabla ya tofali la kwanza.

Kwanza amueni shule itakuwa ya nani

Swali hili huachwa kiporo kwa sababu ya aibu. Mfadhili hataki aonekane mroho, na kijiji hakitaki kumuudhi mfadhili. Liulizeni mapema, maana njia ni mbili na hazikutani mbele ya safari.

Asasi ikitaka kuimiliki na kuiendesha shule, hiyo ni shule isiyo ya serikali. Itaomba kibali cha kujenga, kisha uthibitisho wa mwenye shule na meneja wa shule, kisha usajili. Mishahara ya walimu, chaki na ukarabati vitabaki mabegani mwake. Nimeona watu wenye moyo mzuri wakichagua njia hii bila kupiga hesabu ya mishahara ya miaka kumi. Kwa kijiji cha wakulima wasio na ada ya kulipa, naishauri njia ya pili: jengeni, kabidhini, serikali ilete walimu. Yanayofuata hapa yote yanahusu njia hiyo.

Mkutano Mkuu wa Kijiji

Wazo la shule lazima lipite kwenye Mkutano Mkuu, yaani wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kikao cha wazee chini ya mwembe hakitoshi, wala makubaliano ya kwenye kundi la WhatsApp la wazawa walioko Dar es Salaam. Mwenyekiti anauitisha, Mtendaji wa Kijiji anaandika muhtasari. Karatasi hii ndiyo itakayoombwa kila ofisi mtakayoingia, kwa hiyo iandikwe vizuri. Maneno yanayotosha ni kama haya:

"Mkutano Mkuu wa Kijiji cha …… uliofanyika tarehe …… ukiwa na wajumbe …… (wanawake ……, wanaume ……) umeridhia kutenga eneo la ekari …… katika kitongoji cha …… kwa ujenzi wa shule ya msingi. Eneo hilo litakuwa mali ya umma chini ya usimamizi wa Halmashauri ya Kijiji."

Ambatisheni orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Muhtasari usio na mahudhurio hurudishwa, na kuwakusanya watu upya wakati wa kilimo ni shughuli pevu. Hapo hapo amueni jina la shule. Mkitaka kumpa heshima mfadhili, lipigieni kura, na mwulizeni Afisa Elimu Kata kama hakuna shule nyingine wilayani yenye jina hilo.

Ardhi: hapa msiharakishe

Ikiwa eneo ni la kijiji, kazi ni nyepesi. Ikiwa mzee fulani ametoa shamba lake, usitosheke na kauli yake, hata kama ni mtu wa neno lake. Anayerudi kudai shamba kwa kawaida si yeye. Ni mtoto wake au mpwa wake, baada ya yeye kufariki, wakati bati limeshaezekwa na thamani ya eneo imepanda. Andikeni hati ya kutoa ardhi. Isainiwe na mtoaji, mwenzi wake wa ndoa, watoto wake wakubwa na majirani wa mipaka yote, mbele ya Baraza la Ardhi la Kijiji au Halmashauri ya Kijiji. Kama anadai fidia, hata ndogo, lipeni na mpate hati ya malipo. Kisha ombeni mtaalamu wa ardhi wa wilaya apime eneo, achore ramani yenye vipimo vya mipaka, na mpande miti mipakani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji. Marafiki wa nje hawana haja ya kuandikwa kwenye hati yoyote ya ardhi, na kwa asiye raia sheria haimruhusu kumilikishwa isipokuwa kwa uwekezaji. Mfadhili anayesisitiza jina lake liwe kwenye hati aelezwe hivyo kwa upole, na mapema.

Pimeni eneo la kutosha. Darasa moja la leo litataka ofisi, vyoo, nyumba za walimu, uwanja wa mpira na bustani kesho.

Kata na bajeti ya halmashauri

Muhtasari wa kijiji unapanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako Diwani ni mwenyekiti na Mtendaji wa Kata ni katibu. Hapa mnaomba mambo mawili. La kwanza, mradi uingie kwenye mpango wa kata. La pili, kata iupeleke kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ili uonekane kwenye bajeti. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, lakini mipango huandaliwa miezi mingi kabla. Mkipeleka mradi Mei mkitarajia walimu Julai, mmeshachelewa mwaka mzima.

Watu wengi huiruka hatua hii wakidhani msaada wao hauhitaji bajeti ya mtu. Jengo kweli haliihitaji. Walimu, ruzuku na umaliziaji wa maboma vinaihitaji. Kuna desturi ya muda mrefu ya wananchi kunyanyua boma hadi lenta, halmashauri ikaezeka na kumalizia. Boma ambalo halmashauri haijui lilianza lini wala kwa idhini ya nani huwa la mwisho kwenye foleni. Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, 3,000 kati yake yalikwenda kwenye shule shikizi. Fedha za namna hiyo zinapokuja, shikizi iliyomo kwenye takwimu za wilaya ndiyo inayofikiriwa.

Kuna milango mingine ya kubisha. Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 na kamati yake kuongozwa na Mbunge, husaidia miradi iliyoibuliwa na wananchi wenyewe, na ombi linapitia kata. Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inasimamia Mfuko wa Elimu na hupokea maandiko ya kuomba ufadhili wa madarasa, vyoo na nyumba za walimu.

Fedha zipite wapi

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, michango ya lazima kwa wazazi ni jambo la hatari. Januari 2018 Rais John Magufuli aliipiga marufuku shuleni, na utaratibu uliobaki ni kwamba anayetaka kuchangia kwa hiari apitie kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mwalimu asishike hata shilingi ya saruji. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajaleta mchanga. Nguvu kazi, mawe na maji viamuliwe na kijiji na visimamiwe na kijiji.

Asasi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 ikumbuke kanuni za 2018: mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe Hazina na kwa Msajili wa Mashirika ndani ya siku kumi tangu kusainiwa. Kikundi kisichosajiliwa kisipokee fedha kutoka nje kupitia akaunti ya mtu binafsi, hata awe katibu mwaminifu namna gani. Afadhali fedha ziende moja kwa moja halmashauri kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na mpewe stakabadhi.

Kisha sainini hati ya makubaliano kati ya kijiji, halmashauri na mfadhili. Kurasa mbili au tatu zinatosha: nani analeta nini, nani anasimamia, jengo linakabidhiwa lini, na nini kitatokea fedha zikikatika njiani. Hicho kipengele cha mwisho watu hukiona cha nuksi, ila ndicho kitakachosomwa siku mambo yakiharibika.

Ujenzi wenye macho ya mkaguzi

Ombeni ramani za OR-TAMISEMI (Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) kwa Mhandisi wa Halmashauri. Msitumie mchoro wa mfadhili uliotoka nje, hata ukiwa mzuri, kabla mhandisi hajaupitisha. Kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kujenga kwa kutumia mafundi wa kawaida badala ya mkandarasi, kunakuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Ziundeni hata kama fedha ni za msaada, na risiti zote ziwe za EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kodi.

Viwango vya kukumbuka: darasa moja ni wanafunzi 45, tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Tuseme mna wasichana 180 na wavulana 175. Hiyo ni madarasa manane, matundu tisa ya wasichana na saba ya wavulana, mbali na choo cha walimu. Wafadhili hupenda madarasa kwa sababu yanapigwa picha. Vyoo havipigwi picha, na vyoo ndivyo vinavyokwamisha usajili. Nikiwa na fedha ya madarasa matatu, ningejenga mawili na vyoo kamili, pamoja na chumba cha wasichana cha kujisitiri chenye maji. Wekeni njia ya mteremko kwa mtoto wa kiti cha magurudumu, sehemu ya kunawa mikono, na kizuia radi. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda wilayani Bukombe, mkoani Geita.

Vijana wa kujitolea kutoka nje wakija kupaka rangi, viza ya utalii haiwaruhusu kufanya kazi hata ya bure. Ulizeni Uhamiaji kabla hawajakata tiketi.

Barua ya maombi

Majengo yakifikia kiwango, Afisa Elimu Kata na mwalimu mkuu wa shule mama wawasaidie kuandika. Kichwa kiwe wazi:

Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya ……
Kupitia: Afisa Mtendaji wa Kata
YAH: MAOMBI YA KUSAJILIWA KWA SHULE SHIKIZI YA …… KUWA SHULE YA MSINGI KAMILI

Ndani ya barua elezeni umbali hadi shule mama, vikwazo vya njiani (mto unaofurika, pori lenye wanyama), idadi ya wanafunzi kwa darasa na jinsi, na majengo yaliyopo. Msiweke chumvi. Mkiandika kilomita tisa na gari la wilaya likasoma tano, kila takwimu iliyobaki itatiliwa shaka.

Viambatisho: mihtasari ya kijiji na kata, hati na ramani ya ardhi, orodha ya majengo na samani, takwimu za wanafunzi, hati ya makubaliano. Mkurugenzi atawatuma Mhandisi, Afisa Afya na Mthibiti Ubora wa Shule kukagua. Ofisi ya Uthibiti Ubora wilayani inayo orodha ya mahitaji inayotumika sasa. Ichukueni mapema na mjikague wenyewe kwanza. Ripoti zikikubali, halmashauri inalipeleka ombi Wizara ya Elimu, kwa Kamishna wa Elimu, ambako shule husajiliwa. Wakati mnasubiri, Mtendaji wa Kijiji awe na nakala zenye mhuri wa kupokelewa na tarehe. Anayefuatilia akiwa na kumbukumbu namba ya barua husikilizwa haraka kuliko anayefika na malalamiko.

Namba ikitoka

Fanyeni makabidhiano rasmi ya majengo kwa hati, kitu kwa kitu, hadi idadi ya madawati. Halmashauri iteue mwalimu mkuu na ipange walimu, ichaguliwe kamati ya shule, ifunguliwe akaunti ya benki ya shule. Majina ya watoto yahamishwe kutoka rejesta ya shule mama, na kituo cha mtihani kiombwe NECTA (Baraza la Mitihani) kupitia Afisa Elimu wa wilaya. Hili la mwisho lifanyike kabla dirisha la usajili wa watahiniwa wa Darasa la Nne halijafungwa, la sivyo watoto watatembea tena hadi shule mama kwa mwaka mmoja zaidi.