Kabla Hujashika Sindano za Kufuma

Baridi ya Julai ikishuka Nairobi kila mtu anataka sweta, na sisi wafumaji tunapokea oda nyingi kuliko mikono inavyoweza. Kwa hiyo jipange kwanza.

Kaa karibu na dirisha. Uzi mweusi usiufume usiku. Kiti kiwe na mgongo. Ndani ya matatu sindano zibaki mkobani, maana breki moja ya ghafla inatosha kumdunga jirani jichoni.

Sasa mkono, na hapa unisikilize vizuri. Nilichukua oda ya sweta 14 za watoto, nikala malipo ya awali, nikawa nafuma kutoka jioni hadi usiku wa manane bila kunyanyuka. Sindano za chuma, nazikaba kwa nguvu. Wiki ya pili nikaamshwa saa tisa usiku: kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi. Cha mwisho kizima kabisa. Nikasema ni baridi, nikapaka dawa ya kuchua, asubuhi nikaendelea. Nilikuja kushtuka kikombe cha chai kiliponiponyoka mbele ya wageni. Daktari alinieleza kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono, penye njia nyembamba, na mimi nilikuwa naubana kila siku. Nikavalishwa kifaa cha kunyoosha mkono usiku, na kufuma nikakatazwa wiki sita. Pesa za watu nilirudisha zote, nyingine za kukopa.

Basi kila nusu saa weka kazi chini, fungua na ufunge viganja, nyoosha vidole. Legeza uzi. Kwa kazi kubwa tafuta zile sindano mbili zilizounganishwa kwa kamba ya plastiki. Uzito wa sweta unalala mapajani badala ya kuning'inia mikononi. Ganzi ya usiku ikikujia mara mbili, nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Na jiko la makaa usiliingize kwenye chumba kilichofungwa eti vidole vimeganda. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Isitoshe, uzi wa akriliki ukishika moto huyeyuka ukagandana na ngozi. Mshumaa stima ikipotea, uuweke mbali. Mkasi uliofunguka kitandani, sindano iliyozama katikati ya mito ya kochi, mtoto anayetambaa: angalia kwanza, ndipo ukae.