Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege kutoka London hadi New York

Msafiri wa Arusha au Moshi anayepandia ndege Uwanja wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Marekani kwa kawaida hubadilisha ndege njiani, mara nyingi Ulaya, na kipande cha safari kinachomchanganya zaidi ni kile cha kuvuka Atlantiki. Tuchukue mfano wa viwanja vya Heathrow, London, na JFK, New York.

Umbali usiupime kwenye ramani ya ukutani, kwa sababu ramani bapa huipotosha dunia. Tafuta tufe la dunia, la shule yoyote ya jirani litafaa, unyooshe uzi kati ya miji hiyo miwili. Utaona uzi unapinda kuelekea kaskazini, ukipita juu ya Ireland na karibu na Newfoundland, na hiyo ndiyo njia fupi ambayo ndege huifuata kwa kukaribia. Ikiwa mzingo wa tufe lako ni sentimita 100, uzi utakuwa na takribani sentimita 14. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000, hivyo unapata kilomita 5,600. Umbali halisi ni kama kilomita 5,540.

Ndege kubwa ya abiria huenda kasi ya takribani kilomita 900 kwa saa, lakini upepo wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukichukua upepo wa kilomita 100 kwa saa, kwenda New York ni karibu saa 7 angani, na kurudi ni saa 5 na nusu. Ongeza nusu saa au zaidi ya ndege kutembea uwanjani, kupaa na kushuka. Upepo ukiwa mkali mno tofauti hukua: Februari 2020 Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56.

Tiketi huandika saa za kila mji, kwa hiyo usitoe saa ya kuondoka katika saa ya kufika kabla ya kuzigeuza zote ziwe saa za Tanzania, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote. Mwezi Januari London iko nyuma yetu kwa saa 3 na New York kwa saa 8. Tiketi ikisema kuondoka London 10:00 na kufika New York 13:00, kwetu ni saa saba mchana hadi saa tatu usiku, yaani muda wa saa 8, wala si 3. Mwezi Julai saa zao husogezwa mbele, hivyo tofauti huwa 2 na 7. Wiki chache za Machi, na wiki moja kati ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba, zihesabu kwa uangalifu, kwa kuwa Marekani na Uingereza hazibadilishi saa siku moja.